Ufa wa Farasi wa Ayyanar

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wanangu. Moto wa leo ni mdogo, na hadithi yenyewe si ya kuchekesha. Anayetaka kulala alale sasa, maana nikishaanza sipendi mtu aniache njiani.

Zamani sana, babu wa babu zenu hajazaliwa bado, kulikuwa na kijiji kiitwacho Vellarikulam, katika nchi ya Watamili, kusini kabisa mwa Bara Hindi. Udongo wa huko ni mweusi, miti ya mivumo imesimama mmoja mmoja mashambani, na mvua hunyesha msimu mmoja tu. Kwa hiyo wazee wa kale walichimba lambo kubwa la kukusanya maji, wakalizungushia tuta refu la udongo lenye kona tatu. Lambo likijaa, watu walilima mpunga. Lambo likikauka, walikula mizizi. Tuta likivunjika, walikufa.

Mlinzi wa tuta hilo alikuwa Ayyanar. Huyu hakukaa ndani ya kijiji kama miungu ya mahekalu makubwa yenye milango ya shaba. Alikaa nje, mpakani, chini ya mwarobaini mwishoni mwa tuta, na masharubu yake mapana na upanga wake. Kila siku jua lilipofika utosini, saa ambayo watu wa huko hujifungia ndani kwa hofu, Ayyanar alipanda farasi akazunguka mpaka wa kijiji. Alikagua kona ya kwanza, akakagua kona ya pili, akakagua kona ya tatu. Na farasi wake walikuwa wa udongo.

Sikilizeni sasa desturi yao. Kila mwaka kabla ya mvua, wazee walichota konzi moja ya udongo chini ya lambo, wakaitia mikononi mwa mfinyanzi. Akiipokea, amekula kiapo. Atamfinyanga farasi mmoja mpya, mrefu kuliko watu wawili waliobebana, amchome motoni, ampake chokaa. Farasi huyo ni kipofu. Hubebwa hivyo hivyo mpaka mwarobainini, na huko ndiko mfinyanzi humfungua macho kwa kijiti cha wino mweusi. Na kitu cha kwanza atakachokiona farasi ni mali ya Ayyanar milele. Kwa sababu hiyo mfinyanzi hushika kioo mbele ya uso wa farasi, ili ajione mwenyewe, awe mali ya bwana wake, na mtu arudi salama kwake.

Ukoo wa wafinyanzi ulikuwa umebaki na nyumba moja. Ndani yake alikaa mjane mmoja jina lake Selayi, na binti yake wa pekee, Kuyili. Mume alipokufa, kazi ilishuka mikononi mwa mke.

Kuyili alikuwa na miaka kumi na sita, na ulimi wake haukujua likizo. Siku moja mama yake alikuwa juu ya ngazi, akimtengeneza farasi kinywa.

"Mama," Kuyili akasema, "huyo farasi umempa meno ya mzee Sokkan."

Mzee Sokkan alikuwa ndiye mkuu wa kijiji, na meno yake yalitoka kabla yeye hajatoka mlangoni.

"Nyamaza, atakusikia."

"Atasikiaje na yeye anacheka mpaka masikio yanafunikwa? Mpunguzie mnyama wa watu, mama. Ayyanar atamwonea haya."

Selayi akacheka, akayapunguza meno.

Mwaka huo mawingu yalikuja mapema. Farasi alitolewa tanurini haraka, angali na joto. Selayi akamgonga kwa kifundo cha kidole, kama afanyavyo kila mfinyanzi. Farasi mzima hulia kama kengele. Akamgonga kifuani, akalia. Akamgonga mgongoni, akalia. Akamgonga tumboni, akatoa sauti kavu kama kifuu kilichokanyagwa. Selayi akalala chali chini ya farasi, akauona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini ulianzia kwenye mguu wa nyuma ukafika katikati ya tumbo.

Kwao farasi mwenye ufa huvunjwa, kazi ikaanza upya. Hakuna mjadala. Lakini kuanza upya ni siku ishirini, na radi zilikuwa zinasikika. Selayi alikuwa amechoka. Alikuwa hajalala kwa siku tatu. Akasaga chokaa, akaichanganya na sukari guru na ute wa yai, akauziba ufa. Akapaka chokaa juu yake mara moja, mara mbili, mara tatu, usionekane.

Kuyili alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, huyu halii vizuri."

"Analia."

"Tumboni halii."

"Kuyili, rangi itashika. Ayyanar hatazami tumbo la farasi, yeye hukaa juu. Na wewe hukuona kitu."

Kuyili akanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza ulimi ule kunyamaza.

Farasi akabebwa, akafunguliwa macho mbele ya kioo, ngoma zikapigwa, watu wakarudi nyumbani. Siku ya nne mvua ikaja. Ikanyesha siku moja, ikanyesha siku mbili, ikanyesha siku tatu. Alfajiri ya siku ya nne mguu wa nyuma wa farasi mpya ukakatika, naye akaanguka na mzigo wake. Papo hapo tuta likapasuka kwenye kona ya tatu.

Selayi alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Alipoamka, mkeka wa Kuyili ulikuwa mtupu.

Aliyepatikana amekufa alikuwa mtu mmoja tu. Huyo alikuwa Irulan, mume wa jirani yao Pechi, aliyekuwa akilinda mpunga bondeni. Wakampata mchana, amekumbatia mzizi. Kuyili hakupatikana. Walimtafuta matopeni, walimtafuta mitoni, walimtafuta katika miiba. Ila jambo moja liliwashangaza watu. Ule mpasuko uliokuwa mpana kama mlango ulijifunga wenyewe kabla ya jua kuchomoza, na mashamba mengi yakapona. Wakasema, "Ayyanar ametuhurumia."

Selayi hakusema hivyo. Yeye alisema moyoni mwake, "Ayyanar amenilipiza. Nilimpa farasi mbovu, naye amenichukulia mtoto." Na habari ya ufa hakumwambia mtu.

Mwaka mzima hakugusa udongo. Kila asubuhi alipika wali kidogo, akauweka kwenye jani la mgomba juu ya ukuta wa ua, kwa ajili ya kunguru, maana kwao kunguru ndiye huwapelekea wafu chakula chao. Kunguru alikuja, akautazama wali, akaruka. Kesho yake vivyo hivyo. Kwenye ukuta wa Pechi alikula akamaliza, akapangusa mdomo. Kwenye ukuta wa Selayi hakula punje.

Siku moja Selayi akamuuliza, "Wewe mweusi, wali wangu una nini?"

"Wali wako ni mzuri," akasema kunguru. "Una chumvi kidogo, lakini mimi si mtu wa kulalamika."

"Mbona huuli?"

"Nitampelekea nani? Nimekwenda kwenye nchi ya wafu, nikaita jina la binti yako kwenye lango la kwanza. Kimya. Nikaita kwenye lango la pili. Kimya. Nikaita kwenye lango la tatu, akatoka jirani yako Irulan akaniambia, 'Acha kelele, mtoto huyo hakufika huku.' Mimi si mwizi, mama. Sili chakula cha mtu asiyekufa vizuri."

Selayi akashika ukuta.

"Kama hayuko huko, yuko wapi?"

"Kamuulize mwenye farasi," akasema kunguru, akaruka.

Tangu saa hiyo Selayi alikuwa na neno moja tu kichwani. Mtoto wangu hakufika kwa wafu. Mtoto wangu yuko kwa Ayyanar. Nitamwendea, nitamtaka mwanangu, nitarudi naye nyumbani.

Mwaka ulipotimia, na miiko ya msiba imeondoka nyumbani, wazee wakaja na konzi ya udongo. Mzee Sokkan akasimama mlangoni, udongo viganjani.

"Binti yangu, pokea."

"Siwezi, Ayya. Mikono yangu imekufa." Kwao, Ayya ni kama kusema bwana.

Siku ya pili akarudi. "Binti yangu, pokea. Pale mwarobainini hakuna farasi mzima. Bwana wetu anatembea kwa miguu."

"Siwezi, Ayya."

Alisema hawezi, na huku alitamani. Aliogopa udongo ule kama mtu anayeogopa kumtazama machoni aliyemkosea. Siku ya tatu hakuja mzee. Alikuja Pechi, mtoto wake mchanga kiunoni, udongo katika kiganja kimoja.

"Dada Selayi, mawingu yameanza. Mimi nimebaki na huyu tu. Wewe umefiwa, nami nimefiwa, hatuwezi kukaa hapa kupimana nani analia zaidi. Pokea, mkono unaniuma na huyu mtoto ni mzito kama baba yake."

Selayi akamtazama yule mtoto. Akanyoosha mikono, akapokea.

Akafinyanga farasi wa kwanza. Alianza na miguu minne, akapandisha kifua, akazungusha pindi za udongo mpaka mgongoni, akaweka shingo, akaweka kichwa. Akamkausha, akamchoma. Moto ulipokolea, sauti ikatoka tanurini.

"Mama, ndani yangu mna nini?"

"Mna udongo wa lambo, pumba za mpunga na maji."

"Na nini tena?"

"Hakuna tena."

Farasi akapasuka vipande viwili.

Akafinyanga farasi wa pili. Akauchekecha udongo zaidi, akaukanda zaidi, akamkausha kivulini siku nyingi. Moto ulipokolea, sauti ikatoka.

"Mama, ndani yangu mna nini?"

"Mna udongo wa lambo, pumba za mpunga na maji. Na machozi yangu."

"Na nini tena?"

"Hakuna tena."

Farasi akapasuka vipande vingi.

Sasa mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mivumo. Mzee Sokkan akaja, akasimama uani bila kucheka. "Binti yangu, muda unakwisha. Na wa tatu akipasuka, tumpeleke amepasuka. Mzibe, mpake rangi. Nani atajua?"

Selayi alikuwa amechuchumaa. Aliposikia maneno hayo alihisi kama mtu amemwita kwa jina lake mbele ya umati.

"Usiseme hivyo tena katika ua huu, Ayya," akamwambia, na mzee akaondoka.

Akafinyanga farasi wa tatu. Alipomaliza kuwasha moto hakusimama mbali. Alikaa karibu na tanuri mpaka nyusi zikaungua.

"Mama, ndani yangu mna nini?"

"Mna udongo wa lambo," akasema Selayi. "Mna pumba za mpunga. Mna maji. Na mna ufa wa ndugu yako wa mwaka jana, niliouona kwa macho yangu, nikauziba kwa mkono wangu, nikaupaka rangi mara tatu. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kulala."

Kisha farasi akasema, "Umeniambia mimi, nami sina macho. Waambie wenye macho."

Asubuhi akatolewa. Selayi akamgonga kifuani, akalia kama kengele. Akamgonga mgongoni, akalia. Akamgonga tumboni, akalia hata kunguru wakaruka juu ya paa.

Watu kumi na wawili wakambeba, kijiji chote nyuma yao, ngoma mbele. Walifika mwarobainini jua likikaribia utosi. Huko walisimama farasi wa miaka mingi, wengine hawana masikio, wengine hawana vichwa, na yule wa mwaka jana amelala ubavu, tumbo wazi. Selayi akapewa kijiti cha wino, akapewa kioo. Akakishika kioo, akakiweka chini majanini.

"Kiinue," akanong'ona mzee Sokkan. "Mwanamke, kiinue."

Selayi akawageukia watu. Alisema polepole, kwa sababu maneno hayo hayakuwa na njia nyingine ya kutoka.

"Farasi yule aliyelala pale alikuwa na ufa. Niliujua. Niliuziba na chokaa na sukari guru na yai, nikawaletea mkamshangilia. Tuta lilivunjika kwa sababu yangu. Irulan alikufa kwa sababu yangu. Na mtoto wangu."

Ngoma zikanyamaza. Pechi akatoka mbele, mtoto kiunoni, akamkaribia mpaka pumzi zao zikakutana.

"Nilikupikia," akasema Pechi. "Wiki mbili za msiba wako, na mimi nina msiba wangu, nilikupikia. Ulikula."

"Nilikula."

"Ulikula na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Pechi akamhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akarudi mahali pake.

Jua likafika utosini. Selayi akapanda ngazi. Akasogeza uso wake mbele ya uso wa farasi, karibu, kama mtu anayemnawisha mtoto. Akachora jicho la kulia. Akachora jicho la kushoto. Macho yakafunguka, na kitu cha kwanza yalichokiona kilikuwa yeye.

Watu waliona mwanamke ameanguka kutoka kwenye ngazi, amelala chini, kope zinacheza. Hawakuona zaidi ya hapo. Lakini Selayi alikuwa mgongoni mwa farasi, na farasi alikuwa anakimbia juu ya tuta, kwato za udongo zikilia. Wakapita kona ya kwanza. Wakapita kona ya pili. Kwenye kona ya tatu farasi akasimama, na mbele yake amesimama Ayyanar.

Masharubu yake yalikuwa mapana kama mbawa za tai. Macho yake hayakuwa na hasira wala upole. Alikuwa na vumbi miguuni, kwa kuwa mwaka mzima alitembea.

"Unataka nini?" akauliza.

"Mwanangu."

"Unataka nini?"

"Mwanangu."

"Unataka nini?"

"Mwanangu, Ayya. Kosa lilikuwa langu. Ungenichukua mimi. Mbona ulimchukua yeye?"

Ayyanar akasema, "Mimi nilikuwa nimelaliwa na farasi wako aliyekatika mguu. Sikumchukua. Alikuja mwenyewe. Tazama chini."

Selayi akatazama, na tuta likawa angavu machoni pake kama maji. Ndani yake, katikati ya mpasuko, alikaa Kuyili. Alikuwa amekunja magoti, mgongo wake umeegemea maji yote ya lambo. Nywele zake zilikuwa zimeshikana na mizizi. Udongo ulikuwa umempanda mpaka mabegani.

"Kuyili."

"Mama." Sauti ilikuwa ile ile. "Umekonda. Nyusi zako ziko wapi?"

Selayi akashuka, akapiga magoti, mikono yake ikapita katika udongo kama inavyopita katika udongo laini wa kazi. Akamshika mkono. Ulikuwa baridi, lakini vidole vikafumba juu ya vyake.

"Kwa nini ulikuja huku peke yako? Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa hujalala siku tatu, mama. Na nani mwingine angekuja? Waliojua farasi ni mbovu walikuwa wawili tu, wewe na mimi. Nilisikia maji, nikajua ni wapi. Nilitia mawe, yakaondoka. Nilitia matawi, yakaondoka. Nikaona shimo linanitosha, nikalikalia."

"Inuka sasa. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

"Nikiinuka, maji yatakuja."

"Nitakaa mimi hapo. Inuka, nikae mimi."

Kuyili akatikisa kichwa kidogo, kiasi mizizi ilivyomruhusu. "Hutaenea, mama. Wewe mfinyanzi, unajua. Udongo umeshanishika umbo. Ukiingia wewe, patabaki nafasi."

Selayi akamtazama Ayyanar. "Farasi wako ameniona mimi kwanza. Mimi ni wako sasa. Mwenye mtumwa humpa mtumwa wake kitu."

"Nimekupa," akasema Ayyanar. "Mkono huo uko mkononi mwako. Ukimvuta, atatoka, mzima kama ulivyomzaa. Sitakuzuia. Na maji nayo sitayazuia, siwezi."

Selayi akavuta mara ya kwanza. Bega la Kuyili likatoka udongoni, na uzi mwembamba wa maji ukashuka upande wa kijiji.

Akavuta mara ya pili. Bega lingine likatoka, akaiona shingo yake, akaona kidoti cheusi chini ya sikio ambacho alikibusu siku aliyomzaa. Maji yakawa mkondo. Huko chini mbwa wakaanza kulia. Na kutoka mwarobainini, mbali, akasikia mtoto wa Pechi analia, kilio cha njaa cha kawaida, cha mtoto asiyejua kitu.

"Mama," akasema Kuyili, "sikuja huku ili waje kufa mwaka huu."

Selayi hakuvuta mara ya tatu. Lakini kuachia hakukuwa kazi ya mara moja. Vidole vyake vilikataa. Aliachia cha kwanza, akakaa. Akaachia cha pili, akakaa. Akaachia cha tatu. Akaachia cha nne. Kile cha mwisho, wanangu, alikibandua kwa mkono wake mwingine. Kisha akachukua tope, akampandishia mwanawe mabegani, akalipapasa kwa kiganja kama anavyopapasa chombo kabla ya moto, hata mkondo wa maji ukakatika. Alifanya kazi nzuri. Hakuacha ufa.

Alipofumbua macho alikuwa chini ya mwarobaini, amezungukwa na watu, kucha zake zimejaa tope la lambo. Akawaambia mahali mtoto wake alipo. Wengine wakalia. Mzee Sokkan akavua kilemba chake.

Mvua ikaja. Ikanyesha siku tatu, ikanyesha siku tisa, na kona ya tatu haikutoa hata jasho.

Baada ya mavuno watu walijenga kibanda kidogo pale juu ya tuta. Wakasimamisha jiwe, wakalipaka manjano, wakalivika maua. Wakamwita Kuyili Amma, ambalo kwa lugha yao ni jina la mungu mama. Wasichana walimletea bangili za kijani ili wapate waume wema. Wanawake wasiozaa walimwomba watoto. Wakulima walimwomba mvua, na mvua ilipozidi, walimwomba iache. Walisema hakuna mungu anayesikia upesi kama yeye.

Pechi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuleta bangili. Siku hiyo alikutana na Selayi njiani.

"Wewe sitakusamehe," akamwambia. "Nisingoje kufa ndipo nikuambie. Lakini mwanao nitamletea maua mpaka mwisho wangu."

"Mletee," akasema Selayi.

Hawakusemezana tena mpaka walipozeeka.

Selayi aliendelea kufinyanga farasi, mmoja kila mwaka, na wote walilia kama kengele. Na kila Jumanne, siku ya mungu mama, alisimama kwenye foleni pamoja na watu wengine. Hakupewa nafasi ya mbele, na hakuiomba. Mbele yake watu walilala kifudifudi, wakanyoosha mikono, wakasema, "Amma, nipe mtoto. Amma, niponye. Amma, nilinde." Zamu yake ilipofika, Selayi alikaa chini polepole, magoti yakilia, akalisogelea lile jiwe la manjano. Wote waliokuwa nyuma walimsikia, kwa sababu hakuwahi kunong'ona. Mwaka hata mwaka aliuliza swali lile lile moja, ambalo mama wa huko humuuliza mtoto anayeingia kutoka shambani.

"Umekula, mwanangu?"

Kisha alingoja kidogo, akainuka, akampisha anayefuata.

Ngano yangu nimeiacha pale, juu ya tuta.